Mkanda wa Pacha

Kasuku hakupewa jina hilo kwa sababu ya rangi. Mdomo wake ndio uliomponza. Katika kikosi kile cha zimamoto ilijulikana kwamba ukipanda naye gari moja utafika kwenye moto ukiwa umeshasikia habari za mkewe, za jirani yake, za bei ya vitunguu na za ndoto aliyoota juzi, na ukianza kushuka atakuambia subiri, sijamaliza. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia kituoni, akasalimia mara moja tu na kwenda kukaa kwenye benchi, wenzake walitazamana. Dereva wa gari la kwanza aliuliza kama kasuku leo kameza ufunguo wa kituo. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Ilikuwa siku ya kupimwa.

Zamani kipimo kilikuwa mzaha mtupu. Mkuu wa kituo alikuwa akisimama uani na filimbi yake, anawakimbiza kuzunguka magari mpaka mwenyewe achoke kupuliza, halafu anatangaza kwamba asiyetapika ni mzima. Mwaka huu ilitoka amri juu kwamba kila mtu wa kikosi apimwe na mtaalamu, kwa mashine, na atakayeshindwa ashuke kwenye gari. Kushuka kwenye gari maana yake ni stoo. Stoo ni chumba kisicho na dirisha nyuma ya karakana, ambako unapanga buti na kuanika mipira ya maji huku wenzako wakitoka na king'ora. Hakuna aliyekubali kwamba anaogopa stoo. Walisema wanaogopa sindano, ingawa hakuna mtu aliyetaja sindano.

Kasuku aliogopa kuliko wote, na alikuwa na sababu. Baba yake alianguka akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Kaka yake alianguka kwenye foleni ya benki, na umri wake haukuwa umefika huu aliokuwa nao Kasuku sasa. Wote wawili moyo. Kwenye ukoo ule moyo mbovu ulirithiwa kama upara. Mkewe alimwomba, akambembeleza, akanuna, akamwomba tena aende hospitali akaangaliwe, na kila mara Kasuku aliitikia ndiyo kisha akapata udhuru. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na tumbo la Kasuku, ambalo lilianza kuchungulia juu ya mkanda wa suruali tangu mwaka juzi na halikuwa na nia ya kurudi ndani.

Halafu kulikuwa na ule moto wa ghorofa. Walikuwa wakipanda na mpira wa maji begani, moshi umejaa, na katikati ya ngazi pacha wake, yaani mwenzake wa kuingia naye motoni, akamshika bega, akamwambia simama, pumua kwanza. Wakasimama wameegemea ukuta. Kasuku alisikia moyo wake ukigonga masikioni kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Walifika juu, moto ukazimwa, watu wakapona, na magazeti hayakuandika lolote, kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo Kasuku hakulala vizuri. Aliamini pacha wake ameona kwamba yeye kaisha.

Huyo pacha wake alikuwa mwanamke, na jina lake kituoni lilikuwa Chuma. Alimzidi Kasuku miaka kadhaa na alikuwa na watoto wakubwa wanaojitegemea. Aliwahi kumbeba mgongoni mwenye bucha mmoja mnene, akateremka naye ngazi zote katika moshi, na njia nzima alikuwa akimgombeza kwa kufunga mlango wake kwa makufuli matatu. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, ambaye alizoea kusema kwamba yeye hushona nguo na mkewe hushona watu. Kasuku alimwita Chuma dada, na mumewe shemeji.

Katika kikosi kile hakuna aliyeingia motoni peke yake. Mnaingia wawili, mnatoka wawili, na huyo mwenzako ndiye pacha wako. Na hakuna aliyejivisha. Vifaa vyako hupokelewa na pacha, hukaguliwa na pacha, na pacha ndiye anayekuvisha na kukufunga kila kamba. Sababu yake ilikuwa ya kweli: mtu akikagua mtungi wake mwenyewe wa hewa huona anachotaka kuona. Macho ya mwenzako hayana matumaini hayo. Wageni waliona jambo hilo kama mchezo wa watoto, watu wazima kuvishana, lakini wenyewe walilifanya bila kufikiri, kama mtu anavyopiga mswaki.

Ndiyo maana siku ya kabla, wakiosha gari, Kasuku alimmwagia Chuma yaliyokuwa moyoni. Alikuwa amesikia kwa rafiki yake wa kituo kingine jinsi mtaalamu yule anavyofanya kazi. Anampa kila mtu mkanda wa kuvaa kifuani, umeandikwa jina, na mkanda unatuma mapigo ya moyo kwenye kompyuta. Sasa, alisema Kasuku, hapa kwetu mkanda wangu utaupokea wewe, na wako nitaupokea mimi. Itakuwaje kama tusipokabidhiana? Kila mtu avae alichopokea. Kompyuta itaona moyo wako kwa jina langu, nitapita. Wewe utaandikiwa umeshindwa, lakini anayeshindwa anaruhusiwa kurudia mara moja, wiki ijayo. Utarudia kwa moyo wako mwenyewe, watasema mashine ilikosea, na kila mtu anakujua wewe ni nani. Alikuwa ameandaa maelezo marefu zaidi ya hayo, na viapo, na hata machozi kidogo kama yangehitajika.

Chuma hakumfikisha huko. Aliendelea kusugua taa ya gari.

"Anayeshindwa anarudia. Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

"Basi sawa," alisema.

Kasuku alibaki na hotuba yake mdomoni. Alishukuru mpaka akachosha, na usiku akamwambia mkewe kwamba duniani kuna ndugu wa damu na kuna ndugu wa moshi.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo mwenye viatu vyeupe vya michezo na sauti ya upole, aina ya sauti inayokufanya uogope zaidi. Alipanga vitu vyake kwenye ukumbi wa mazoezi: meza, kompyuta yenye skrini kubwa, spika, na masanduku mawili ya mbao ya kupanda na kushuka. Mlango wa ukumbi ulitazama uani, na uani ulisimama mnara wa mazoezi, jengo jembamba la zege lenye ngazi ndani na dirisha tupu kila ghorofa. Alieleza kwamba watapimwa wawili wawili. Kwanza sanduku, kwa kufuata mdundo wa spika. Halafu mnara, na mtungi mgongoni na mpira wa maji begani. Mkanda utakuwa kifuani muda wote, na kompyuta itaunasa hata mtu akiwa ghorofa ya juu kabisa.

Alitaka kumpa kila mtu mkanda wake mkononi. Dereva, ambaye hakuna jambo kituoni lisilomhusu, akaingilia na kumweleza desturi ya mapacha. Binti akatabasamu, akasema hiyo ni desturi nzuri sana, hata hospitali wangeiga. Basi Chuma akapokea mkanda wenye jina la Kasuku, Kasuku akapokea wenye jina la Chuma, na kwa kuwa mkanda huvaliwa chini ya nguo, kila mmoja akaingia chumba chake cha kubadilishia nguo, na wakatoka wamevaa. Hakuna aliyeongopa kwa mdomo. Walinyamaza tu, na hiyo ndiyo kazi ambayo Kasuku hakuizoea, maana jasho lilimtoka kabla hajainua mguu.

Mdundo ukaanza. Panda, shuka, panda, shuka. Mkuu alisimama kando amefunga mikono kifuani. Kasuku alipanda akisubiri kufa. Alisikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi darini, akisubiri ile hatua moja ya mwisho, na haikuja. Alichoka, magoti yalimuuma, tumbo lilimwaibisha, lakini alikuwa bado hai. Akapata ujasiri wa kutazama skrini.

Mistari ilikuwa miwili. Wa kijani ulikuwa na jina la Chuma chini yake, na ulikwenda juu na chini kwa mpango, kama mshono wa mashine. Mwekundu ulikuwa na jina lake. Mwekundu ulirukaruka. Ulipanda mara mbili upesi, ukakaa, ukapanda tena kana kwamba umekumbuka kitu. Kasuku alidhani anasoma vibaya. Akatazama tena jina, kisha mstari, kisha jina. Jina ni langu, alijiambia, mkanda una jina langu, lakini mkanda wenyewe uko kifuani kwa nani? Alikosa mdundo, mguu ukagonga sanduku.

Binti alizima spika. "Ndugu, shuka. Kaa hapa kwenye kiti, taratibu."

Akamwuliza kama ana maumivu ya kifua. Kama amewahi kuzimia, au kuona giza mbele ya macho. Kama kuna mtu katika familia aliyekufa ghafla. Hilo la mwisho Kasuku aliitikia kwa kichwa, na sura ya binti ikazidi kuwa ya upole. Akasema mapigo hayaendi sawasawa, kwamba moyo wa namna hii haufai kuongezewa hata hatua moja, na kwamba ni bahati umeonekana leo hapa na si katikati ya moto. Alimwomba Mkuu aite gari la wagonjwa. Dereva alikuwa mlangoni, akasikia hadi hapo, na alikuwa ameshashika simu yake kabla ya sentensi kuisha.

"Na mimi?" aliuliza Chuma. Alikuwa akijifuta uso kwa taulo, na taulo ilikaa usoni muda mrefu kuliko jasho lililokuwapo.

"Wewe uko salama, dada. Mapigo ni kama ya mtu aliyezidi uzito kidogo, ajabu, kwa macho sikuoni mnene. Lakini moyo ni mzima kabisa. Utaendelea na mnara."

Kasuku aliyasikia maneno hayo, na kitu cha kwanza kilichomjaa kilikuwa furaha. Nasema ukweli, hakuna faida ya kumpamba. Moyo mzima kabisa ulikuwa wake. Baba na kaka walikwenda na mioyo yao mibovu, yeye ubovu haukumfika. Kwa muda wa pumzi moja alitamani kusimama na kucheka. Kisha akatazama mgongo wa Chuma, aliyekuwa akielekea kwenye mtungi wa hewa, na furaha ikamtoka.

Mtu wa kumvisha Chuma alikuwa yeye. Binti akasema asiinuke. Chuma akajibu bila kugeuka kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfunga kamba, na hataanza leo. Mkuu, aliyekuwa na simu sikioni, akapunga mkono kwamba waache. Kasuku akainuka, akamwinulia mtungi mgongoni, na kwa kuwa alikuwa anamfunga kamba za kifuani, nyuso zao zilikaribiana.

"Dada, usipande."

"Funga."

"Ule moyo ni wako."

"Najua ni wa nani. Wewe utarudia wiki ijayo, utapita. Mimi sina cha kurudia." Macho yake hayakupepesa. "Funga, mdogo wangu."

Alifunga. Ubongo wake ulikuwa unakataa na vidole vyake vilikuwa vinakaza kamba, maana katika kazi ile pacha akikuambia funga, unafunga, maswali baadaye. Miaka yote hiyo ilikaa vidoleni, na vidole havikumwuliza ruhusa. Alikagua kipimo cha hewa, akagonga kofia yake mara moja kama ishara kwamba tayari, na Chuma akavuta barakoa usoni, akatupia mpira wa maji begani na kutoka uani.

Kasuku alirudishwa kwenye kiti. Kiti kilitazama skrini upande mmoja, na mnara upande mwingine.

Mstari mwekundu ulikuwa umetulia kidogo. Kofia ya Chuma ikapita kwenye dirisha la kwanza, na mstari ukaanza kupanda. Binti aliuona, akamgeukia Kasuku kwa mshangao. "Umekaa, lakini yanapanda. Usiogope, ndugu. Vuta pumzi taratibu, toa taratibu." Kasuku alivuta, akatoa. Mstari ukapanda zaidi. Mkuu, ambaye hakuwahi kumwonea mtu huruma hadharani, alichukua kofia yake na kuanza kumpepea.

Kwa hiyo watu wote mle ukumbini walimzunguka mtu mzima na kumpepea, huku mgonjwa akipanda ngazi na mzigo. Na Kasuku aliutazama moyo wa dada yake ukienda mbele ya macho yake, jambo ambalo binadamu hakuumbwa alione. Akisema, Chuma ameshuka kwenye gari milele, wote wawili ni wadanganyifu, na huenda hata stoo hawataiona. Chuma hakutaka asemewe. Amemwambia funga naye akafunga. Asiposema, labda atafika juu, atashuka, watapata nafasi ya kukaa chini na kupanga kwa akili. Labda. Moyo huo huo ulikwenda kazini juzi na jana, kwa nini ushindwe leo. Alijitafutia sababu nyingi, na kila moja ilikuwa nzuri, na alizichukia zote.

Kofia ikapita dirisha la pili. Mstari uliruka, ukaruka tena. Kofia ikapita dirisha la tatu, polepole, mkono umeshika ukingo. Mstari ukalala. Ulilala kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate, kisha ukaamka kwa fujo. Binti alishika kifundo cha mkono wa Kasuku kutafuta mapigo kwa vidole vyake mwenyewe, akatazama skrini, akatazama mkono, akakunja uso. Vidole vyake na skrini havikuwa vinasema kitu kimoja.

Dirisha la nne lilibaki tupu.

"Si wangu," alisema Kasuku. "Huo moyo si wangu. Ni wake."

Hawakumwelewa. Akalipasua shati lake, vifungo vikaruka sakafuni, akauvuta mkanda na kuutupa mezani, jina la Chuma likiwa juu. Hakusubiri kuona nyuso zao. Alikuwa ameshatoka uani, ameingia mnarani, anapanda.

Alipanda kama hajawahi kupanda. Hakuwa na mtungi, hakuwa na mpira wa maji, alikuwa na tumbo lake na pumzi yake tu, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hakuusikiliza moyo wake hata kidogo. Alimkuta kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Chuma alikuwa amekaa, mgongo ukutani, mpira wa maji bado begani, kana kwamba anasubiri mtu ampishe njia. Kasuku akamvua barakoa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Umesema?" aliuliza Chuma kwa sauti ndogo.

"Nimesema."

"Zilibaki ngazi chache tu."

 Kasuku alifungua kamba alizozifunga mwenyewe, akasikia wenzake wakija kwa kishindo kutoka chini.

Gari la wagonjwa lililoitwa kwa ajili ya Kasuku ndilo lililombeba Chuma. Mkuu alimruhusu Kasuku aende naye, akamwambia mlangoni, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba wakirudi watajibu wote wawili, na stoo wataiona kama zawadi. Hospitalini walimlaza Chuma, wakamwunganisha nyaya, wakamdunga, na moyo ukakubali kwenda sawa. Daktari alisema ni ugonjwa unaotibika lakini hautaki moshi wala ngazi tena. Kisha wakaambiwa wasubiri kitanda cha wodini. Muuguzi alimwagiza Chuma alale kwenye machela. Chuma alisema machela ni ya wagonjwa, akaenda kukaa kwenye benchi la korido na koti lake la kazi amelifunga hadi shingoni. Kasuku akakaa kando yake, shati halina vifungo, uso umemshuka. Mpita njia angekuambia mgonjwa ni yupi, na angekosea.

 Chuma ndiye aliyeanza kusema.

"Siku ile kwenye ngazi nilikushika bega, nikakuambia pumua."

"Nakumbuka."

"Mimi ndiye niliyekuwa sioni mbele. Wewe ulikuwa unapumua kama ng'ombe mzima. Miaka yote hii nasikia pumzi yako ndani ya moshi, ningekosaje kujua?"

Kasuku alihesabu moyoni usiku wote ambao hakulala, mara zote alizoweka kiganja kifuani kitandani huku mkewe akijifanya hamwoni. "Ulijua mimi ni mzima."

"Nilijua."

"Na mimi nikakuambia naogopa kufa kama baba. Jana, tukiosha gari. Nilikumwagia moyo wangu, dada. Ukaniacha niendelee kuogopa."

"Nilikuacha." Alitazama buti zake. "Niliona kama wewe ndiye unayeogopa, hakuna atakayenitazama mimi."

Kasuku alikasirika. Alikasirika vibaya, hasira ya kweli, ile inayomjia mtu kwa anayempenda tu, na hakuwa na pa kuiweka, maana huwezi kumgombeza mtu ambaye saa hiyo hiyo ulimshusha mnarani. Alitaka kumwuliza kama angeanguka leo na kufa, yeye angeishi vipi akijua kwamba ndiye aliyemfunga kamba. Alifungua mdomo aulize. Lakini kulikuwa na viatu vinakuja mbio koridoni.

Alikuwa mumewe Chuma. Futi ya kupimia nguo bado ilining'inia shingoni, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye mikono ya shati, na alikuwa anahema. Aliwaona wameketi, uso wake ukalegea kwa nafuu, akaja moja kwa moja akakaa upande wa pili wa Kasuku na kumwekea mkono begani.

"Pole, shemeji. Pole sana. Dereva amenipigia, ameniambia moyo wako umekataa kwenye kipimo, nikafunga duka nikakimbia. Usiogope. Siku hizi moyo unatibika kama jino." Alimbinya bega. "Na huyu dada yako hatakuacha. Mimi namjua, tangu nimwoe hajawahi kulala kitandani hata kwa mafua. Atakubeba mgongoni mpaka upone."



"Mkewe ameshaambiwa?" fundi alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini, akichungulia kumpita Kasuku. "Mama watoto, mkewe mmemwambia?"

Kasuku alikuwa na maneno. Yalimjaa mdomoni, kama kawaida yake, na lolote kati yake lingetosha. Lakini kwa siku ile alikwisha kumsemea Chuma mara moja, na hili lilikuwa la nyumbani kwake. Akafunga mdomo. Mkono wa fundi ulikuwa na joto begani kwake, na ulizidi kumbembeleza kwa huruma ambayo haikuwa yake.

Chuma alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili. Vibandiko vyeupe vya zile nyaya vilikuwa bado vimemganda chini ya shingo.

"Baba watoto," alisema, "mwache huyo. Njoo ukae upande wangu."

Fundi alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa wivu. Kisha akaviona vibandiko, na kicheko kikamwishia usoni taratibu. Akaondoa mkono. Kasuku akasogea mpaka mwisho wa benchi kumpa nafasi ya kupita.